Mtoto Akinyamaza Wadini: Kazi ya Ustawi wa Jamii kwa Watoto na Jamaa Zao

Maneno ya hotuba kwa wazazi, wauguzi na walimu



Hapo zamani katika hospitali nyingi za Uingereza ilikuwa desturi kumpokea mtoto mgonjwa mlangoni, kumvua nguo zake za nyumbani, na kumwambia mama yake aende zake mpaka siku ya kuwatazama wagonjwa. Siku hiyo haikuwa karibu. Mwaka 1949 zilipoulizwa hospitali kubwa za London juu ya kanuni zao, moja ilisema kwamba wazazi huja Jumapili tu, saa nane mpaka saa kumi. Nyingine haikuwaruhusu kabisa kwa mwezi wa kwanza, na baada ya mwezi huo waliweza kumtazama mtoto jioni, akiwa amekwisha kulala. Nyingine tena haikutaka wageni hata kidogo.

Waliotunga kanuni hizo hawakuwa watu wakatili, na walitoa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba wageni huleta maradhi. Na neno hilo lilikuwa na nguvu katika siku ambazo dawa za kuua vijidudu zilikuwa bado chache. Sababu ya pili ni kwamba mtoto akimwona mama yake hulia, na mama akiondoka hulia zaidi, hata wadi nzima ikawa kelele tupu. Lakini asipomwona, baada ya siku tatu au nne hunyamaza, hula chakula chake, humzoea kila mtu. Wauguzi walisema kwamba mtoto kama huyo amekwisha kutulia, na madaktari walikubali.

Aliyeipima sababu hiyo ya pili hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, jina lake James Robertson.

Mtu wa kukoka moto

Bwana Robertson alizaliwa Uskochi mwaka 1911, katika nyumba ya watu wa kawaida. Wakati wa vita kuu ya pili yeye na mkewe, Bibi Joyce Robertson, walifanya kazi London katika makao ya watoto wadogo yaliyoongozwa na Bibi Anna Freud. Watoto hao walikuwa wametenganishwa na jamaa zao kwa sababu ya mabomu. Bibi Joyce alilea watoto wachanga. Mumewe kazi yake ilikuwa kukoka moto wa kupasha nyumba joto, na usiku kukesha ili aangalie moto wa mabomu. Lakini makao yale yalikuwa na kanuni moja isiyokuwa ya kawaida: kila mtu, hata mtu wa kukoka moto, alipewa kadi ili aandike mambo aliyoyaona kwa watoto. Hakutakiwa kuandika aliyoyafikiri. Alitakiwa kuandika aliyoyaona: nani alilia, alilia saa ngapi, alimshika nani mkono, alikataa chakula gani.

Hiyo ndiyo shule yake ya kwanza. Baada ya vita akajifunza kazi ya ustawi wa jamii, na mwaka 1948 akaajiriwa na Daktari John Bowlby wa Tavistock Clinic huko London. Daktari huyo alikuwa amekwisha kushughulika na watoto wenye matata kabla ya vita, katika kliniki ambamo daktari alizungumza na mtoto, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii alizungumza na mama ili kupata habari za nyumbani tangu mtoto alipozaliwa. Mwaka 1944 alichapisha habari za watoto 44 waliokuwa wezi. Kati yao 17 walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu kabla ya kufika miaka mitano. Katika watoto wengine 44, wenye matata lakini si wezi, waliotengwa hivyo walikuwa wawili tu. Hesabu hiyo ni ndogo na haitoshi kumhukumu mtu ye yote. Yatima wengi wamekuwa watu waaminifu. Lakini ilitosha kumfanya Daktari Bowlby atake kujua ni jambo gani hasa humpata mtoto katika siku zile anazotengwa.

Vipindi vitatu

Basi Bwana Robertson akaenda wadini akaketi. Aliketi siku baada ya siku na kalamu yake, na alichokiona kilimshangaza, kwa maana kilikuwa mbele ya macho ya kila mtu na hakuna aliyekitaja.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anapoachwa, kwanza hupinga. Hulia kwa sauti, hutikisa kitanda, hutazama mlango kila unapofunguka. Huo ndio wakati ambao wauguzi husema ana tabia mbaya. Kisha hukata tamaa. Hulia kidogo kidogo au hanyanyui kichwa, hajali vitu vya kuchezea, hukaa kama mzee aliyefiwa. Huo ndio wakati ambao wauguzi husema anaanza kutulia. Akikaa zaidi, huingia katika kipindi cha tatu: huchangamka tena, hula, humchekea kila apitaye, na mama yake akija hamkimbilii. Huchukua pipi zilizoletwa, akamwacha mama mwenyewe. Na huo ndio wakati ambao wauguzi husema kwa furaha kwamba amezoea.

Robertson aliona kwamba mambo hayo yalisomwa kinyume. Mtoto aliyelia mama alipokuja hakuumizwa na kule kuja kwake. Maumivu yalikuwamo tangu jana na juzi, na kuja kwa mama kulimpa mtu wa kumlilia. Aliyenyamaza hakuwa amepona. Alikuwa amechoka kutumaini. Na yule aliyemchekea kila mtu ndiye aliyestahili kuhofiwa kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameanza kujizuia asimpende mtu sana, asije akaachwa tena.

Aliyasema hayo kwa madaktari, nao hawakumsadiki. Walimwambia kwamba yeye si daktari, na kwamba macho yake yanaona huzuni pasipo huzuni. Hapo akafanya jambo la akili sana: akachukua mashine ya kupiga picha za sinema.

Siku nane za Laura

Ili mtu asiseme kwamba amemteua mtoto mwenye kulia ovyo, mtoto alichaguliwa kwa bahati katika orodha ya waliokuwa wakingoja kitanda. Ili mtu asiseme kwamba amepiga picha wakati wa kilio tu, alipiga picha kila siku kwa saa zile zile, na saa ya ukutani ikaonekana. Mtoto aliyetokea ni msichana anayeitwa Laura katika sinema hiyo, mwenye umri wa miaka miwili na miezi mitano. Alikuja kupasuliwa ngiri ya kitovu na kukaa siku nane.

Ikatokea kwamba Laura alikuwa mtoto wa kujizuia kuliko wenzake. Hakupiga kelele. Aliukaza uso, akauliza kwa sauti ndogo mama yake yuko wapi, akanyamaza, kisha akauliza tena. Mtazamaji anayetaka kuona kilio hakioni kingi. Anachoona ni uso wa mtoto unaobadilika siku hata siku, na jinsi anavyogeuza kichwa mama yake anapokuja. Siku ya kwenda nyumbani aliondoka wadini karibu na mama yake, lakini hakutaka kumshika mkono. Nyumbani alikuwa na wasiwasi kwa siku kadhaa, akilala vibaya na kukasirika ovyo. Miezi kadhaa baadaye alipoonyeshwa sehemu ya sinema ile, alimgeukia mama yake kwa hasira akamwuliza alikuwa wapi siku zile zote. Wazazi wake hawakuwa wamejua kwamba neno hilo lilikuwa bado moyoni mwake.

Sinema hiyo ilionyeshwa mwezi wa Novemba 1952 mbele ya mkutano wa madaktari na wauguzi katika Royal Society of Medicine, London. Wengi walikasirika. Walisema mtoto huyo si mfano wa watoto wote, na kwamba hospitali imetukanwa. Walikuwako waliotaka sinema isionyeshwe tena.

Mwezi mmoja kabla ya mkutano huo, tarehe 20 Oktoba 1952, Sheria ya Hatari ilikuwa imetangazwa katika Kenya. Katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya wazazi wa Kiafrika walitiwa vizuizini, na watoto wao wakabaki kwa nyanya, kwa majirani, au peke yao. Wakati wataalamu wa London walipokuwa wakibishana kama siku nane ni nyingi kwa mtoto mmoja, watoto hao walihesabu miaka. Inafaa habari hizi mbili zikumbukwe pamoja, kwa maana wazee wengi walio hai leo walikuwa ndio watoto wa siku zile, na yale waliyoyanyamazia hawajawasimulia hata wajukuu wao.

Katika waliokasirishwa na sinema ile alikuwamo Daktari Dermod MacCarthy wa hospitali ya Amersham. Lakini yeye alirudi wadini kwake akawatazama watoto wake tena, akaona kwamba sinema imesema kweli. Akawaruhusu akina mama kulala na watoto wao. Hakuwa wa kwanza: huko Newcastle Daktari James Spence alikuwa amefanya hivyo tangu miaka ya 1920, lakini wachache walimfuata. Bwana Robertson alikwenda Amersham akapiga sinema ya pili, iliyotoka mwaka 1958, ya mtoto aliyelazwa pamoja na mama yake. Mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilishauri kwamba wazazi waruhusiwe kuja wakati wo wote, na kwamba mama wa watoto walio chini ya miaka mitano wapewe mahali pa kulala.

Ushauri ni jambo moja na mlango wa wadi ni jambo jingine. Hospitali nyingi hazikubadilika mpaka wazazi wenyewe waliposimama. Mwaka 1961 akina mama wachache wa Battersea, baada ya kumsikiliza Robertson katika televisheni, waliunda chama chao cha kudai ruhusa ya kukaa na watoto wao hospitalini, nacho kikaenea mahali pengi nchini. Miaka mingi ilipita kabla ya kanuni za zamani kufa kabisa.

Nyumba za Buganda

Mmoja wa waliosoma maandishi ya Robertson huko Tavistock alikuwa Bibi Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia aliyekulia Kanada. Mwaka 1954 alikuja Kampala pamoja na mumewe aliyepata kazi Makerere. Alikuwa amesikia kwamba Waganda walikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa ziwa, akataka kuona matokeo yake. Alipofika aliona kwamba desturi hiyo haikufuatwa tena na wengi. Basi akafanya jambo lingine: alizitembelea nyumba za vijijini, akiwa na mkalimani, mara moja kila majuma mawili kwa muda wa miezi, akawatazama watoto 28. Aliketi kama mgeni na kuzungumza na mama, mtoto akitambaa sakafuni.

Aliona kwamba mtoto mwenye kumtegemea mama yake kwa moyo wote ndiye anayethubutu kwenda mbali. Hutambaa mpaka mlangoni, hushika kitu kigeni, hugeuka nyuma kuhakikisha mama yupo, huendelea. Akishtuka hurudi, akitulizwa huenda tena. Aliona pia kwamba akina mama waliojua mambo madogo madogo ya watoto wao, na kupenda kuyasimulia, watoto wao walikuwa na wasiwasi kidogo zaidi. Na aliona kwamba wengi wa watoto hao walimpenda sana pia baba, au nyanya, au dada mkubwa. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967, na mambo mengi yanayofundishwa leo ulimwenguni juu ya mapenzi ya mtoto na mzazi yalianza katika nyumba hizo za Buganda.

Hilo la mwisho ni jambo kubwa, kwa sababu maneno ya Daktari Bowlby yalikuwa yametumiwa vibaya. Wako waliosema kwamba mama asitoke nyumbani hata saa moja, wala asifanye kazi. Mtoto wa Kiafrika aliyelelewa na mikono mingi ni ushahidi kwamba sivyo. Mikono iwe mingi, lakini iwe ile ile ya kila siku, ya watu wanaomjua mtoto kwa jina na kwa tabia.

Robertson na mkewe nao walifika hapo kwa njia yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waliwapokea nyumbani kwao, mmoja baada ya mwingine, watoto wanne wadogo ambao mama zao walikwenda hospitali. Kabla ya siku yenyewe mtoto aliletwa kuizoea nyumba. Alikuja na blanketi lake na vitu vyake. Alipewa chakula kwa desturi ya kwao, alionyeshwa picha ya mama yake, baba alikuja kumtazama, na mama alitajwa kila siku. Watoto hao walihuzunika, lakini hawakuvunjika moyo. Mtoto wa tano, John, mwenye umri wa miezi 17, wakati huo huo alipelekwa na wazazi wake katika makao ya watoto kwa siku tisa. Vijana waliofanya kazi humo walikuwa wapole, lakini walipangiwa kazi, si watoto: leo huyu amlisha, kesho yule amwogesha. John alimjaribu kila mmoja, akapanda mapajani, akatelemshwa kwa kuwa kazi ilikuwa ikingoja. Mwisho aliwaacha watu, akajilaza juu ya dubu mkubwa wa kitambaa. Mama yake alipokuja siku ya tisa alipiga kelele akamkataa. Juu ya neno hili Bwana na Bibi Robertson hawakupatana na Daktari Bowlby. Wao walisema kwamba mtoto apataye mtu mmoja wa kumshika vema hapiti lazima katika kukata tamaa. Bowlby aliona kwamba maumivu ni yale yale, yamepunguzwa tu. Mfanyakazi aliye na mtoto mlangoni hahitaji kungoja wamalize ubishi huo.

Katika Kenya

Katika hospitali za Kenya ni jambo la kawaida mama kulala na mtoto mchanga wadini, na hapo wageni wangeweza kujifunza kwetu. Lakini mtoto hutengwa na watu wake kwa njia nyingine: kifo, kifungo cha mzazi, kazi ya mbali, ugomvi wa nyumbani, au umaskini unaomfanya mzazi ampeleke mtoto katika makao ya watoto akidhani huko atapata shule na shibe. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, na mpango wa serikali wa miaka 2022 mpaka 2032 wa kugeuza malezi ya watoto, vyote vyataka mtoto alelewe katika jamaa, na makao yawe kimbilio la mwisho. Kumrudisha mtoto si kumpandisha gari tu. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii hutafuta nani katika ukoo anamtaka mtoto huyu, si nani anaweza kulazimishwa kumpokea. Huwakutanisha mara kadhaa kabla ya kuhama. Na baadaye huenda kuwatazama, kwa maana matata mengi huanza mwezi wa pili au wa tatu, wakati kila mtu amekwisha kumwambia mtoto ashukuru.

Mzazi anayelazimika kumwacha mtoto asimtoroke akiwa amelala. Na amwage, hata kama atalia. Mtoto aliyetorokwa huogopa kulala. Amwambie siku ya kurudi kwa mambo anayoyajua, kama vile Jumapili mbili, au mahindi yakivunwa, na asiahidi asiloliweza. Kanga ya mama ikibaki kitandani, yenye harufu yake, isifuliwe upesi. Anayebaki naye amtaje mama bila kuogopa. Na mama akirudi, mtoto akampa mgongo au akampiga, asiadhibiwe kwa utovu wa adabu: anauliza alilouliza Laura. Baada ya siku chache atang'ang'ania nguo za mama na kumfuata mpaka chooni. Hiyo pia hupita, ikiwa haikudhihakiwa.

Hasira na kilio cha majuma mawili matatu si ugonjwa. Lakini mtoto ambaye kwa majuma mengi hali, hasemi, amerudia kukojoa kitandani, hachezi na wenzake, au anakwenda kwa mgeni ye yote sawa sawa na kwa mama yake, apelekwe kwa watu wanaojua kazi hii. Mahali pa kuanzia ni zahanati iliyo karibu, au ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Na simu ya watoto nambari 116 hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Ofisa atauliza mambo ambayo huenda yakaonekana madogo: mtoto hulala na nani, nani humpa chakula cha jioni, nani amehama nyumbani mwaka huu, na je, mtoto ameelezwa sababu. Inafaa mzazi aje na majibu hayo, na ikiwa kuna nyanya au dada mkubwa anayemjua mtoto zaidi, aje naye.